Mkungu wa Ukweni

Omurushaka, Karagwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti bado yanakusumbua, au dawa ya jirani yako Jovitha imeyatuliza? Huku mwanao ni mzima, tena kuanzia Omurushaka hadi huko Kyerwa hajazaliwa mwanamume mwenye bahati kama mimi. Mtu aanguke na mkungu wa matoke begani, isichubuke hata ndizi moja!

Ilikuwa siku ya kwenda Ihanda kujitambulisha kwa kina Vero. Wenzangu walitaka mkungu upande bodaboda. Nikawaambia anayepeleka ndizi ukweni kwa pikipiki, hata mke atamtongoza kwa pikipiki. Nikaubeba. Kwenye mteremko wa kwao mvua ilikuwa imenyesha. Miguu ikaelekea Bukoba, mimi nikabaki Ihanda. Mwenye akili angeutupa mkungu. Mimi niliukumbatia kama mtoto mchanga, bega likapokea ardhi. Baba yake Vero aliukagua mkungu kwanza, akausifu sana, ndipo akauliza mbona bega langu limeota nundu.

Hospitali, daktari alisema mtulinga umechomoka pale unapokutana na bega, na kano zinazoushikilia zimekatika. Akanipasua, akaushusha mfupa mahali pake, akaufunga kwa uzi mgumu. Baadaye alikuja kuuliza nilibeba nini. Nilipomjibu, akataka kujua hizo ndizi zimelazwa wodi gani. Nilicheka, Mama, mshono ukanikemea.

Sasa mkono umetulia kwenye kitambaa shingoni, na Vero huja kunifunga vifungo vya shati. Jana daktari aliniruhusu niuinue. Haukufika hata kifuani. Vero akainama, akajifanya anatafuta kifungo sakafuni. Daktari anasema wengine hupona kabisa, wengine hubaki nusu, na mkono wangu bado hajui utakuwaje. Nami unajua ninakula kwa bega. Magunia ya kahawa hayapandi lori kwa maneno yangu matamu.

Nilikukataza usije, nikasema ni mchubuko tu. Nimeamua kuandika kwa kuwa kwenye simu ungenijua kwa sauti.

Mpe shikamoo mjomba Protase. Jovitha naye mwambie dawa yake abakize kidogo. Anayekuletea barua hii ni Egbert. Pikipiki yake ina siti laini, na huendesha taratibu akiwa na mama wa mtu.

Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Naogopa, Mama. Njoo.

Mwanao,
Aristides