Mashine Iliyoogopa Kusema Hakipo

Mama yangu wa Misima,

Shikamoo. Najua huko uliko kuitikia ni shida, lakini nikianza bila kukuamkia utasema Dar imeniharibu, na mimi Dar nimeshahama. Nimepanga chumba Korogwe mjini ili kila mwisho wa wiki nipande gari nikamwone Baba. Tangu ulipotuacha anakaa peke yake, anajipikia ugali mgumu na kusema ameshiba.

Kazi nimepata, na ndiyo nataka kukusimulia. Naiandikia mashine maelekezo. Usicheke. Kuna ghala kubwa la taarifa za vinasaba, yaani vile vitu vya mwilini vinavyomfanya kaka Rajabu awe na pua yako na mimi niwe na miguu ya Baba, na ambavyo vikiwa na kasoro mtoto anaweza kuzaliwa na ugonjwa. Ghala lenyewe limo kwenye kompyuta. Daktari akitaka kujua jambo anaituma programu ya akili mnemba, nayo inatumia chombo chetu kwenda kutafuta humo. Mimi naiandikia hiyo programu: ukitumwa, uliza hivi, utapewa hivi, rudi na hivi. Nilipomweleza Baba, akamwambia jirani yetu Mama Sefu, "Zaina anaifundisha kompyuta kutumwa dukani." Sikumsahihisha, maana sioni alipokosea.

Shida ni kwamba nilikuwa kwenye majaribio. Nikishindwa, kazi anapewa mwingine, mimi narudi Dar kuhangaika, na Baba namwacha. Na nilikaribia kushindwa, Mama, kwa sababu yako. Ndiyo, yako!

Wewe na kututuma kwako! "Zaina, niletee kisu, kiko pale pale." Pale pale wapi, husemi. Naingia jikoni, natazama juu, natazama chini. "Mama, sikioni!" Halafu ile sauti: "Nikija mwenyewe nikakikuta, nikufanye nini?" Mama wee! Ulikuwa unakuja kweli, na kisu kipo mbele ya macho yangu, na hadi leo sijui kilikuwa kinajificha vipi. Mimi na kaka yangu tukakua tukijua kwamba heri urudi na kitu chochote kuliko kurudi mikono mitupu.

Unakumbuka alipokuja mjomba kutoka Lutindi? Ukamtuma Rajabu akamkamate yule kuku wetu mweusi. Rajabu akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia migombani, akafika hadi shambani, kuku hayupo. Angerudi aseme hayupo? Thubutu! Akarudi na kuku mweusi, Baba akamchinja, mjomba akausifu mchuzi. Tuko barazani tunanawa mikono, kuku wetu huyo, anakatiza uani bila wasiwasi. Mjomba akauliza, "Na huyu je?" Wewe ukamtazama Rajabu, Rajabu akatazama miguu yake. Kabla hujafungua mdomo tukamsikia Mama Sefu ng'ambo ya ua anamwita kuku wake.

Basi sikiliza. Bosi wangu Neema, binti mdogo tu lakini mkali, akaijaribu kazi yangu. Akaiuliza programu habari za kinasaba fulani. Ikaenda, ikarudi na maelezo marefu yaliyonyooka: kinakaa wapi, kinafanya nini, kinaleta ugonjwa gani. Neema akanipigia simu.

"Zaina, hiki kinasaba hakipo duniani. Jina nimelitunga mwenyewe nikinywa chai."

"Sasa hayo maelezo imeyatoa wapi?"

"Imebeba ya kinasaba kingine chenye jina la kufanana. Hebu soma ulichoandika."

Nikasoma. Nilikuwa nimeandika: Tafuta vizuri. Usirudi bila jibu.

Nikaangua kicheko, Neema akadhani nalia. Kumbe nimeitia mashine woga ule ule uliotutia sisi, nayo maskini imekwenda kukamata kuku wa Mama Sefu! Neema hakucheka. "Daktari ana mtoto mgonjwa mbele yake," akasema. "Akiletewa jibu la uongo atampa dawa gani?" Hapo kicheko kikanikauka. Akanipa hadi Ijumaa.

Nikampigia Rajabu, anauza machungwa Segera siku hizi, nikamuuliza siku ile angeambiwa nini ndipo arudi aseme kuku hayupo. Mabasi yanapiga honi, yeye anafikiri.

"Ningeambiwa sitagombezwa," akasema. "Lakini kwa mama yetu, nani angeniambia hivyo?"

Nikaandika upya. Tafuta jina lote kama lilivyo. Usipolipata, usilete linalofanana nalo. Sema hakipo. Ukisema hakipo umefanya kazi vizuri, na hutagombezwa. Neema akauliza hilo la kugombezwa ni la nini. Nikamwambia aliache tu. Ijumaa akatunga majina ya ajabu ajabu, programu ikamjibu bila kutetemeka: hakipo, hakipo, hakipo. Nimepita, Mama. Nabaki Korogwe.

Jumamosi nikaenda kumwambia Baba. Alifurahi hadi akasahau kukaa. Akanituma chumbani nimletee miwani ajisomee mwenyewe ile barua ya ajira. Nikatafuta kitandani, dirishani, chini ya mto. Nikaita kutoka huko huko, "Baba, siioni!"

Akajibu kwa upole kabisa, "Basi mwanangu, acha. Kama haipo, haipo."

Mama, nilikaa kwenye kitanda chenu nikalia kwa kwikwi. Sikuutaka upole wake. Nilitaka kugombezwa. Niko humo chumbani, mtu mzima na kazi yangu, na ningetoa mshahara wangu wa kwanza wote niisikie miguu yako inakuja kwa hasira kutoka jikoni.

Pumzika, Mama. Baba niko naye.

Mwanao wa mwisho,
Zaina