Siku Mfumo Ulipotufanya Mtu Mmoja

Mpendwa Susu,

Nilipozaliwa, Baba alinipa jina lako lote bila kubakiza kitu. Ruth la kanisani, Mwikali la nyumbani, Nzioka la babu. Tangu siku hiyo akawa ananiita mwaitu, mama yangu, kama inavyofanywa kwetu mtoto anapobeba jina la susu, bibi yake. Wewe ulicheka ukasema, "Vizuri. Nikichoka, huyu atalima."

Sikulima. Nilisomea kompyuta, nikaajiriwa na hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu barua hii itasomwa na watu. Kazi yangu ni kusimamia mfumo wa rekodi za wagonjwa. Nakumbuka Jumamosi moja tukichambua mbaazi pale nyuma ya jikoni, ukataka nikueleze hasa nafanya nini huko. Nikakwambia kila mgonjwa ana faili lake, ila siku hizi faili halishikiki kwa mkono. Liko kwenye mashine. Daktari analiona, maabara wanaliona, na wa dawa pia.

"Na likikosewa?"

"Linakosewa kwa wote."

Ulitupa maganda kwa mbuzi. "Basi andika langu vizuri. Andika sindano ya penisilini nusura iniue."

Niliandika, Susu. Ulipokuja kliniki ya presha nilikusajili mwenyewe na kuweka onyo hilo kwa rangi nyekundu. Hukuwa na simu, kwa hivyo tuliweka namba yangu, ile ile niliyoiandika kwenye faili langu nilipolifungua baadaye. Kitambulisho ulikuwa umekiacha nyumbani, kwa hivyo tarehe ya kuzaliwa ilibaki tupu. Hakukuwa na ajabu. Nusu ya wazee wetu wamesajiliwa hivyo.

Halafu ikaja ile kazi ambayo wakubwa waliita usafi. Watu walikuwa wamesajiliwa mara mbili, mara tatu, na hospitali ilikuwa inajiandaa kwa ukaguzi. Kampuni iliyotuuzia mfumo ikaleta programu ya kutafuta rekodi zinazofanana na kuziunganisha. Jina likiwa moja na namba ya simu ikiwa moja, basi ni mtu mmoja. Tarehe ikiwa tupu, haihesabiwi kuwa tofauti. Rekodi mpya inabaki, ya zamani inafutika. Nilieleza kwenye mkutano kwamba huku Ukambani bibi na mjukuu wanaweza kuitwa jina moja, na kwamba boma zima linaweza kutumia simu moja. Wakaandika hoja yangu kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha wakaendesha programu wikendi, nikiwa kwenye mazishi Makindu.

Wiki iliyofuata mwiba ulikuchoma mguu, ukavimba, na Baba akakuleta. Daktari akaandika sindano. Ya penisilini. Sista Habiba ndiye aliyekuwa zamu. Unamkumbuka, yule mrefu wa hijabu ya kijani, kwao Garissa, ambaye Kikamba chake kinaishia kwenye salamu. Alifungua rekodi yako kabla ya kukudunga, na hayo mengine alinisimulia mwenyewe.

"Mama, hapa inasema uko na miaka thelathini na kitu."

"Andika hivyo hivyo," ukamwambia.

"Tena inasema unapanga uzazi."

Ulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akainuka kutazama. Habiba naye alicheka, kisha akaiweka sindano kwenye trei na kunipigia simu.

Nilishuka ngazi mbiombio. Kwenye skrini nilijiona mimi: umri wangu, kliniki zangu, vipimo vyangu. Wewe hukuwepo. Onyo jekundu halikuwepo. Nikamwambia Habiba, "Usimdunge hiyo," naye akajibu, "Singemdunga. Lakini angekuwa wa rika lako je?"

Ulipewa dawa nyingine, na mguu ukapona. Swali la Habiba ndilo lilinirudisha ofisini.

Nilianza kutafuta wengine. Niliwakuta ndugu wawili wa Mutomo, majina yao yamekaribiana hadi mashine ikaona ni kosa la uandishi, na mmoja amepewa kipimo cha kifua cha mwenzake. Nikamkuta mama na binti yake, wote wa wodi ya wazazi, makundi yao ya damu yamegongana na mfumo umechagua moja. Sikuendelea kusoma. Niliandika ombi rekodi zirudishwe kama zilivyokuwa.

Mkurugenzi wetu si mtu mbaya. Aliniita, akafunga mlango, akanieleza kwa upole kwamba wakaguzi wanakuja, na tukirudisha ule mchafuko itaonekana tulinunua mfumo tusioweza kuuendesha.

"Hatuwezi kuuendesha," nikasema. "Ndiyo maana naomba turudishe."

"Tutarekebisha mmoja mmoja wakilalamika."

"Daktari, mtu hawezi kulalamikia kitu asichokiona."

Aliniambia atafikiria. Kesho yake hakuwa na nafasi ya kufikiria. Habiba alikuwa amezungumza na wauguzi wenzake, na wote walikuja asubuhi na kadi za karatasi kutoka stoo, zile za zamani zenye harufu ya panya. Hawakugoma. Walifanya kazi yao yote, ila hakuna aliyegusa skrini. Mkurugenzi aliposhuka kuuliza kuna nini, Habiba alimjibu bila kupandisha sauti: "Nikimdunga mtu afe, polisi watanishika mimi, hawatashika kompyuta. Nipe kitu ninachoweza kuamini."

Kufikia mchana niliruhusiwa kurudisha nakala ya kabla ya usafi. Zile rekodi zilizoongezwa baada ya hapo tulizipanga upya kwa mkono, na kwa kila jina lenye utata tulipiga simu. Uliwahi kukaa kando yangu siku moja ukisubiri lifti ya kurudi nyumbani Kwa Vonza, ukanisikia nikiuliza, "Ni Mutuku yupi, mzee?" na simu ikijibu, "Wa pikipiki au wa nyuki?" Ulicheka tena. Ukasema hiyo ndiyo kazi, si ile ya kubonyeza.

Wakaguzi walikuja, wakakuta majina maradufu, wakaandika hivyo. Mkurugenzi alikasirika siku chache, kisha akatia sahihi utaratibu mpya niliouandika pamoja na Habiba: hakuna rekodi itakayounganishwa wala kufungwa mpaka mfanyakazi aongee na mgonjwa au mtu wake wa karibu, na mwenzake ashuhudie. Hospitali moja ya Makueni imeomba kuuona. Nitaupeleka mwezi ujao.

Wewe uliondoka mvua ilipoanza, ukiwa nyumbani, usingizini. Tulikuzika, nikakaa siku zangu za msiba, nikarudi kazini. Sikulia sana. Watu waliona, nami niliona.

Leo asubuhi jina lako lilitokea kati ya wagonjwa waliokosa kliniki ya presha. Karani mgeni, ambaye hakukujua, alinijia akiuliza kama tukutumie ujumbe. Nikamwambia hapana, huyu amefariki, tufunge. Akanitazama kwa adabu. "Lakini madam, utaratibu unasema lazima tuongee na mtu wa karibu."

Ningeweza kumwambia mtu wa karibu ni mimi. Lakini anayefunga hawezi kuwa ndiye anayethibitisha. Niliandika hivyo mimi mwenyewe. Habiba akaja kushuhudia, akasimama nyuma ya kiti changu. Nikampigia Baba, nikaweka spika.

"Baba, nakupigia kikazi. Lazima nikuulize kama ninavyouliza wengine."

"Uliza."

Nikasoma maneno kwenye skrini. Nikasema Ruth Mwikali Nzioka, wa Kwa Vonza, wa mguu uliochomwa na mwiba, ili pasiwe na utata ni yupi. Nikauliza kama ni kweli amefariki.

Nyuma ya Baba nilisikia mbuzi, na mtu akipura mbaazi.

"Ni kweli," akasema. "Funga polepole."

Lala salama, Susu.

Mjukuu wako,
Mwikali