Kidari Kilichotoka Kwa Sadala

Rau, Moshi
Alhamisi, Januari

Kwa mama yangu mpendwa, Mama Elisaria,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, goti limekuachia kidogo, na dawa za presha unazimeza asubuhi kama tulivyokubaliana, siyo mpaka wifi Aikande akukumbushe. Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Gidioni wangu alisema amebakiza kidogo tu. Sisi huku tunaendelea. Brenda anakohoa kwa sababu ya vumbi lakini anacheza. Anaeli anaota jino la chini, hataki kulala wala hataki wa kumlaza, basi na mimi silali. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usishangae, naandika huku nimempakata.

Najua utajiuliza kwa nini niandike wakati simu ipo. Simu yako anapokea Aikande, na wewe unapenda iwekwe sauti kubwa mpaka anayepita na ndoo ya maziwa asikie. Haya ninayotaka kusema ni yako kwanza. Tena mbele yako ulimi wangu umeshanishinda mara moja, siuamini. Bahasha hii nimempa Gidioni akuletee mkononi. Vaa miwani, Mama, kaa chini, usome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati. Ni habari za Krismasi, na za shemeji Elisaria, ambaye unasema amekutupa.

Unajua jinsi tunavyofanya siku ya pili ya Krismasi, kila nyumba inapanda kwako Masama na chungu chake, na Aikande ndiye mgawaji wa nani alete nini. Eliza, mke wa Wilbert, ni pilau. Stella, mke wa Elisaria, ni kuku na chapati. Aikande mwenyewe kiburu chake cha ndizi na maharage. Mimi tangu niolewe ni wa soda na kachumbari. Sikuwahi kulalamika, ila nilikuwa naona. Mtu aliyezaliwa kambini, baba na mama wametoka Kasulu kuja kukata miwa, atajulia wapi ndizi? Basi mwaka huu nikampigia Aikande mapema, nikamwambia machalari, ndizi na nyama yake, nitapika mimi. Alicheka mpaka akaita watu wasikie. Akaniambia haya wifi, ila usituletee uji. Nikacheka naye, maana ni wifi yangu na ana haki ya kunitania, lakini moyoni nilishaapa kwamba mwaka huu watakula waniulize nimewekaje.

Siku yenyewe niliamka kabla hakujapambazuka. Gidioni alikuwa mlimani akipandisha wageni wake, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na watoto. Nyama ilishaiva, nikazipanga ndizi mshare juu yake, nyanya, kitunguu, nikapunguza mkaa ichemke polepole kama ulivyowahi kunielekeza. Anaeli akalia. Nikakaa kitandani kumnyonyesha, nikajiambia nafumba macho tu. Kilichoniamsha ni jirani yangu Scola kugonga mlango kwa ngumi, akiuliza, Mama Brenda, unatuchomea nyumba? Chumba kizima kilikuwa moshi. Nilijaribu kuchota ya juu nihamishie sufuria nyingine, lakini harufu ilishaingia mpaka katikati ya ndizi. Hata Brenda aliziba pua.

Wilbert na Eliza walikuwa wameshaniambia watanipitia na gari asubuhi hiyohiyo. Ndizi zilikuwepo, nusu mkungu ulibaki. Nyama ndiyo ilikuwa imeisha, na mabucha ya huku siku hiyo yalifungwa. Mama, ningeweza kuja na soda. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna aliyekufa kwa kunywa soda, na mngenicheka kidogo mkanisahau. Lakini nilipika tena. Nyama nilipata. Nitakuambia ilikotoka, nivumilie.

Kilichotokea kwako ulikiona, ila nataka ukione na upande wangu. Aikande alifunua sufuria yangu kwanza, akanusa, akanyamaza, nikajua nimeshinda. Wewe ukachota, ukala. Halafu ukaniambia mbele yao wote, "Odilia, haya ndiyo machalari yetu. Nani alisema huyu hajui?" Ukaomba uongezewe. Eliza akaniuliza nimewekaje. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno yangu mdomoni, nilishayapanga njia nzima kwamba nikikuwekea sahani nitakuambia jambo. Uliponisifu nikayameza. Nilijipa muda, nikasema akimaliza kula nitamwambia.

Ulipomaliza ukaniita nikae karibu yako. Nilidhani utanipa mtoto, kumbe unataka kuongea. Ukawa unatazama njia ya kutokea barabarani. Ukaniambia nyumba ya Elisaria haijaja, na wewe hukutegemea waje baada ya ule ugomvi. Ugomvi naujua kama anavyoujua kila mtu wa ukoo huu, alikata kahawa za marehemu baba bila kukuuliza akapanda parachichi, ukamwambia amemkata baba yake, na tangu hapo hajakanyaga kwako. Lakini ulisema amechinja, watu wamemwona. Ukanieleza taratibu, kwa kuwa unajua mimi kwetu nyama ni kilo tu ya bucha, kwamba katika nyumba yenu anayechinja Krismasi hutoa kidari akampelekea mama yake, na mama akikipokea mambo yameisha, hakuna wa kuuliza nani alimkosea nani.

Ukasema, "Hata angetuma mfupa mtupu, ningempigia mimi."

Nilikuwa nimeshika sahani yako, Mama. Ilikuwa na mifupa.

Ukaniuliza kama tulipopita Kwa Sadala, anakokaa, nilimwona. Nikajibu kwamba hatukumwona. Na kweli, siku hiyo hatukumwona. Wewe ukasema basi, nimeelewa, ukajifunga kitenge vizuri ukaingia ndani, na hukutoka tena mpaka tunaondoka. Mimi nilikwenda kuosha vyombo. Nilisugua ile sufuria yangu mpaka Eliza akaniambia itatoboka.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, maana nikiendelea kuzunguka Anaeli ataamka sijamaliza.

Siku ya Krismasi, tumetoka kanisani, shemeji Elisaria alikuja Rau na pikipiki. Alileta mafungu mawili. Moja letu, ndilo nililounguza. La pili lilikuwa limefungwa ndani ya jani la mgomba, limekazwa kwa kamba vizuri kabisa. Hakutaka hata chai. Alisimama pale mlangoni akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Shemeji, hiki ni kidari cha Mama. Usimpe Aikande. Mpe mwenyewe mkononi, mwambie kimetoka kwangu. Akikipokea nipigie, nitapanda siku hiyohiyo na watoto." Nikamuuliza kwa nini asikupelekee mwenyewe. Akasema anaogopa kurudishwa getini wanawe wanaona. Ni mtu mzima, Mama, ana mvi kwenye ndevu, na aliniambia hivyo akitazama chini kama Brenda anapovunja kikombe.

Nilikiweka kwenye friji ya Scola. Na asubuhi ile, moshi bado umetanda chumbani, nilikwenda kwa Scola nikakichukua, nikakata ile kamba, nikakikatakata.

Sikukosea fungu. Nilijua ni cha nani. Nilijiambia si ataletewa tu, tofauti ni mbichi na kupikwa, nitamwekea sahani nimwambie kimetoka kwa Elisaria. Huo ndio ujanja niliojifanyia. Nilikuwa nimechoka, ni kweli, lakini sikuharibu kwa sababu ya uchovu. Niliharibu kwa sababu sikutaka Aikande aone soda mkononi mwangu tena.

Jioni yake shemeji alipiga. Aliniuliza, "Amepokea?" Nikamwambia amepokea. Akauliza umesemaje. Nikamwambia hujasema kitu. Akasema sawa, ahsante shemeji, akakata. Ona nilivyokuwa nimejipanga, Mama. Wewe nilikujibu neno la kweli, naye nilimjibu neno la kweli, na wote wawili niliwadanganya. Wewe ukalala unajua mwanao amekunyima. Yeye akalala anajua mama yake amekula kidari chake na hakumpa hata shukrani.

Nilidhani yatapoa yenyewe, nikawa nasubiri. Halafu Jumapili Gidioni akarudi kutoka kwako, akaniambia umesema Elisaria si mtu wako tena, kihamba cha chini, lile shamba la migomba la ukoo, umeamua tupewe sisi badala yake. Gidioni alikuwa hajui afurahi au ahuzunike, alikuwa anazunguka chumbani na kiatu kimoja. Ile migomba naijua ilivyo mizuri. Mimi nalipa kodi ya chumba kimoja na watoto wawili, sitakudanganya kwamba sikutamani. Lakini nikamweleza mume wangu kila kitu. Alikaa kitandani. Akaniambia nisiseme, Mama ana presha, mambo ya ukoo hujirekebisha. Nikamwambia Gidioni, ndizi ya kihamba kile sitaikata nikamlisha mtoto wangu. Akanikasirikia, hatukuongea mpaka kesho yake. Bahasha hii ameipokea kwa shingo upande, lakini ameipokea, kwa hiyo usimgombeze.

Juzi nilimfunga Anaeli mgongoni nikaenda Kwa Sadala. Nilimkuta shemeji kwenye hayo maparachichi yake, na Stella yupo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana Stella aliniletea kiti nikaona sistahili kukikalia. Stella aliposikia aliinuka akaenda zake nyuma ya nyumba, na nilimsikia akipanga kuni kwa kishindo. Nilitegemea shemeji atanitukana. Hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu.

"Alikula?"

Nikamwambia ulikula, ukaongeza, ukasema hayo ndiyo machalari yenu. Akacheka kidogo, halafu akageukia miti yake akaanza kuchuma majani yaliyokauka, na alikaa hivyo amenipa mgongo muda mrefu mpaka Anaeli akaanza kulia. Ndipo akasema kwamba yeye hawezi kuja kukueleza, utaona anatafuta kihamba. Akasema, "Wewe ndiye uliyebeba. Fikisha."

Basi nafikisha, Mama. Mwanao hakukunyima. Alikutengea kidari, akakifunga mwenyewe, akaendesha pikipiki siku ya sikukuu kwa ajili yako. Na wewe ulikipokea, ulikila kwa mkono wako mbele ya wanao, na ulipotazama njia ukimsubiri, cha kwake kilikuwa kimeshafika. Mimi ndiye niliyesimama katikati nikala sifa.

Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Usiku nikimnyonyesha huyu mtoto mwenye jina la marehemu mume wako natazama ukuta badala ya kumtazama yeye. Ulinisifu, mara ya kwanza tangu niingie nyumba yako, na hata hiyo sifa siwezi kukaa nayo. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitapanda Jumapili baada ya ibada, na watoto, nikae mbele yako useme unachotaka kusema, hata mbele ya Aikande na wengine wote. Ukiona hutaki kuniona, watoto wapokee, mimi nitasubiri barabarani.

Ila kuna mambo mawili nitasema kama mtoto wako, na nisamehe kama nimevuka mpaka. La kwanza, kihamba cha chini hatukichukui. Gidioni akija kukuambia vingine, mwambie mke wake ameshajibu. La pili ni hizo kahawa. Mimi sijui za kukatwa na za kuachwa, hayo muongee ninyi wawili. Lakini kuongea muongee.

Msalimie Aikande, mwambie namshukuru kwa yale maziwa aliyotupa. Wasalimie majirani wote wa jumuiya. Brenda anasema shikamoo Bibi, anataka kuletewa ndama, nimemwambia haingii kwenye basi. Scola jirani yangu naye anakusalimu. Mungu akulinde, akupe nguvu ya goti na ya kusoma haya niliyoandika.

Na ukishakunja karatasi hii najua utaichukua simu unipigie unigombeze, na nitapokea, sitakimbia. Lakini usinianze mimi. Mpigie Elisaria kwanza. Yuko nyumbani, nimemwomba asitoke.

Ni mimi mkweo mwenye aibu,
Odilia, Mama Brenda