Sweta la Sufu la Ambokile

Jumamosi, mwezi wa saba. Tukuyu.

Manyunyu tangu alfajiri, na leo ni siku ya nne sijauona mlima Rungwe. Niko kwenye kile chumba cha intaneti juu ya stendi, vidole vimekufa ganzi, nadonoa herufi mojamoja kama kuku. Nimetoka kutuma kifurushi Moshi. Kazi ya wiki saba imeondoka mikononi mwangu kwa dakika mbili, na nimejikuta sina hamu ya kwenda nyumbani.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mume wangu Ambokile yuko Moshi, mwaka wa pili sasa. Alikuwa mpima majani ya chai, kazi ya bandani, ukuta upande mmoja na mvua pande tatu. Kiwanda kilipopata mwenye mali mpya watu walipunguzwa, naye akapunguzwa. Binamu yake akamwita kaskazini. Huko anabeba mizigo ya watalii mlima Kilimanjaro. Mimi nimebaki Kawetele na binti yetu Neema, nafundisha darasa la nne.

Hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Jumapili moja mwezi wa tano sauti yake ilikuwa inakwaruza. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema ni baridi tu.

"Jaketi linazuia upepo," akasema, "lakini nikipanda na mzigo, jasho lote linabaki ndani. Nikisimama kupumzika linageuka maji ya barafu mgongoni." Kisha akauliza, "Lile sweta la mama bado lipo?"

Nikamjibu lipo.

Na kweli lipo. Liko chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya mashuka ya harusi, na linaweza kumtosha mtoto wa miaka mitatu.

Nieleze. Mama yake Ambokile, mama mkwe wangu, anakaa Kisondela. Alipokuwa msichana alijifunza kusokota sufu kwa masista wa misheni, na kwa miaka mingi alifuga kondoo wachache wa manyoya nyuma ya migomba. Ambokile alipopata kazi ya kupima majani, alimfumia sweta zito la rangi ya kondoo mwenyewe, halikutiwa dawa yoyote. Alilivaa kila siku ya mvua, na hapa kwetu siku za mvua ndizo siku. Lililowa nje, ndani yeye akawa mkavu na moto.

Mimi nililionea haya. Lilinuka kondoo likilowa. Ndiyo miaka ile soko lilipofunguka, majaketi ya nailoni yanayong'aa yakajaa gulioni, mekundu, ya kijani, yenye zipu hadi kidevuni. Waume wa wenzangu wote walikuwa nayo. Wangu alikuwa anakwenda kazini kama mchungaji wa mbuzi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nikalifua lile sweta. Nikachemsha maji, nikaweka sabuni ya unga, nikalisugua kama ninavyosugua gunia. Likarudi. Likawa dogo na gumu kama kofia. Wiki ile ile nikamnunulia jaketi la bluu. Nikamwambia sweta limehifadhiwa. Akashukuru, akajitazama kwenye kioo, nami nikafurahi kweli. Huo ndio ukweli, nilifurahi.

Kwa miaka yote nimejiambia kwamba sikujua. Lakini mama mkwe alinieleza siku ananikabidhi nguo za mwanawe: maji ya baridi, usisugue, usikamue.

Niliambiwa.

Kesho yake baada ya ile simu, vipindi vilipokwisha, nikashuka Kisondela kwa mama mkwe. Nilimkuta mlangoni pa jiko anapukuchua maharage. Nikachuchumaa, tukasalimiana, nikabaki nimechuchumaa.

"Mama, lile sweta ulilomfumia Ambokile, mimi nililiharibu. Nililitia maji ya moto."

Hakuacha kupukuchua. "Nalijua," akasema.

Nikamtazama.

"Nilipokuja kukuogesha ulipojifungua Neema, nilifungua sanduku kutafuta kanga. Nikaliona. Nikalirudisha."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ulikuwa na mtoto wa siku tatu. Siyo siku ya kuulizana habari za sweta. Baadaye nikasema, ataniambia mwenyewe." Akapuliza maganda. "Umechelewa kidogo tu."

Miaka sita. Mwanamke huyu amekula kwangu, amelala kwangu, amenisifia ugali, na wakati wote alijua. Nililia pale pale, yeye akaniacha nilie mpaka maharage yalipokwisha.

Ndipo nikamwambia habari za ile baridi ya Kilimanjaro. Akanionyesha mikono yake. Vidole vimepinda, vina mafundo kama tangawizi. Kondoo wa mwisho alikufa zamani, na vijijini huku hakuna tena anayefuga wa manyoya. Kwa nini ufuge, wakati nguo zinakuja kwa marobota?

"Kondoo sina, vidole sina," akasema. "Lakini mdomo ninao. Mimi nitasema, wewe utafuma."

Nilikuwa sijawahi kufuma kitu zaidi ya kitambaa cha meza.

Siku ya gulio tukaenda pamoja kwenye mitumba kutafuta masweta ya kufumua. Nilidhani itakuwa rahisi, masweta yalikuwa mlima. Kumbe mengi yanayofanana na sufu si sufu. Mama alivuta uzi mmoja chini ya sweta la kijivu, akatoa kiberiti kwenye pindo la kanga.

"Bibi, utaniunguzia mali yangu," akasema mwenye meza, mama mnene wa makamo.

"Uzi mmoja tu, mwanangu. Nisipoujaribu nitanunua mpira."

Uzi ukawaka, ukakunjamana, ukageuka tone jeusi gumu. Nailoni. Akaweka chini. Akajaribu wa pili, wa tatu. Wa nne ukanuka nywele zilizoungua, majivu yake yakasagika kati ya vidole. Akanisogezea puani ninuse. Mwenye meza naye akaomba kunusa. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa anatuchambulia. Tukapata matatu: la kijivu, la kahawia, na jingine la bluu iliyopauka lenye tundu kiwikoni.

Tukayafumua. Neema alikaa katikati amenyoosha mikono, tukamzungushia uzi. Tukauosha kwa maji ya kisima, baridi kiasi cha kuumiza mifupa, tukautundika kwenye mti tumefunga mawe kwa chini ili unyooke. Kwa mvua hii ulichukua siku tano kukauka.

Kisha nikaanza. Kila nikitoka shule nikashuka Kisondela na sindano zangu. Mama anakaa, anasema. Nikikosea safu, hasemi nimekosea, anasema tu "fumua". Kuna siku alisema fumua mara sita. Wiki ya tatu mikono yangu ikaanza kuelewa kabla ya kichwa, na nikajikuta nasubiri kengele ya mwisho kuliko wanafunzi.

Lakini kuna jioni moja sitaisahau. Tulifika kifuani, nikauliza upana.

Mama akapanua mikono. "Hivi."

"Hapana, Mama. Si mpana hivyo." Nikaonyesha kipimo changu.

"Huyo mbona mwembamba? Mwanangu ana kifua."

"Huyo wako ni wa kabla hajaoa."

"Na wako ni wa lini?"

Wangu ni wa asubuhi ile stendi, miaka miwili iliyopita, amebeba begi moja, ameinama kumbusu Neema kichwani. Tangu hapo amepanda mlima ule mara ngapi na mizigo ya watu? Amekonda? Amejaa mabega? Sauti naipata kila Jumapili. Mwili sijui.

Tulikaa pale, wanawake wawili, mikono imepanuliwa hewani, kila mmoja ameshika mtu ambaye huenda hayupo tena.

Tukamuuliza Neema. Akasema baba ni mkubwa kama mlango. Alikuwa na miaka minne alipoondoka.

Mwisho tukachukua katikati ya kipimo changu na cha mama. Mikono tukaifanya mirefu.

Lilikwisha juzi. Ni la kijivu, mabega ya kahawia, na mstari wa bluu shingoni kwa sababu kijivu kiliisha. Si zuri sana. Bega la kushoto limepanda kidogo. Mama alilipitisha mkononi, akavuta hapa na pale, akasema "Ndaga", na mama mkwe wangu si mtu wa kusema asante ovyo.

Jana nililivaa. Niseme tu. Nilitoka nalo kuchuma mboga, mvua ikanikuta, nami sikukimbia. Matone yalikaa juu ya manyoya kama umande. Ndani kukawa na joto, joto la polepole, si la kufungiwa. Likaanza kunuka kondoo. Nikasimama katikati ya mboga nimejikumbatia, nikavuta ile harufu niliyokuwa naikimbia, mpaka Neema akaniita mlangoni kuuliza kama naumwa.

Naumwa, ndiyo. Lakini si ugonjwa wa kumwambia mtoto.

Kwenye kifurushi nimeweka barua. Mama alisema, "Ya kwangu umeyamaliza. Ya kwake mwandikie." Nimemwandikia yote: maji ya moto, jaketi, haya yangu, kwamba niliambiwa na sikusikia. Sikuomba anijibu vizuri. Nimeomba alivae tu, hata kama amekasirika.

Leo stendi nilimkabidhi kondakta wa gari la Mbeya. Yeye atakipeleka kwenye basi la Moshi. Akaandika jina, nikabaki nimeshika kifurushi upande wangu.

"Dada, achia basi."

Nikaachia. Nikamuuliza kitafika lini.

"Leo kinalala Mbeya. Kesho alfajiri kinaondoka, kesho usiku kiko Moshi."

"Hata mtu anafika hivyo hivyo?"

"Mtu na mzigo wanapanda gari moja, dada."

Nimekaa hapa karibu saa nzima sasa na jibu hilo. Miaka miwili nimemngojea kama mtu aliyevuka bahari. Nimehesabu Jumapili, nimekariri anavyokohoa, nimemwambia Neema baba yuko mbali, mbali sana. Sijawahi hata siku moja kwenda dirisha la tiketi kuuliza ni mbali kiasi gani.

Ni kulala mara moja.

Shule zinafungwa Desemba. Sitamwambia kwenye simu kesho.