Paka wa Marehemu Shija

Kahama,
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mjukuu wako Minza, amekaa hapa mkekani ananitazama ninavyoandika na ameniagiza nisiisahau ya kwake. Habari za huko Mbinga? Mguu umepoa, au bado unakusumbua ukipanda kwenye kahawa? Huku mawingu yanapita tu yakielekea kwa wengine, na mpunga wa watu umeanza kugeuka rangi kabla ya wakati. Kwa miili sisi ni wazima. Kwa mioyo, acha nikueleze.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Hapa ukiongea na simu ua mzima unasikia, na haya sitaki yasikike. Kuna dereva anayefahamiana na mkweo Mabula anakuja Songea na mzigo, ndiye atakayekufikishia.

Baba, nakuandikia kwa sababu ya paka. Najua utacheka. Wewe bwana mifugo mstaafu, uliyeshika pembe za madume ya tarafa nzima, unaandikiwa na binti yako mtu mzima habari za paka. Lakini soma hadi mwisho.

Unakumbuka shemeji yangu Shija, mdogo wake Mabula, aliyefukiwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule machimboni Geita mwaka juzi. Baada ya mazishi wenzake walituletea vitu vyake: begi la nguo, redio ndogo, na kiroba kilichofungwa kamba kikiwa kinarukaruka. Ndani yake alikuwamo paka shume wa kijivu, sikio moja limechanika. Walisema Shija alimfuga kambini ili awapunguzie panya. Jina lake Afande. Mama mkwe alipofungua kamba, paka alitoka akamparura Mabula shavuni mbele ya waombolezaji, kisha akaingia chini ya kitanda cha mama. Toka siku hiyo akawa wa nyumba hii.

Nimeishi na mbwa wakali nyumbani kwako, Baba, na ng'ombe wapigaji. Sijawahi kuishi na mnyama wa namna hii. Alikuwa analala kizingitini, na kila anayepita alitoka damu. Mimi nilitembea ndani ya nyumba yangu nimeshika ufagio. Mama wa maziwa aliacha kuingia, akawa anaita kutoka barabarani. Mabula akirudi mwisho wa wiki kutoka Isaka, anakoendesha mashine ya kunyanyulia makontena, hakuvua buti mpaka apande kitandani. Mara mbili alitaka kummaliza, na mara mbili mama yake alisimama katikati akamwambia, "Ukimuua huyo, unitafutie na mimi shimo."

Kwa mama tu ndiko alikotulia. Au ndivyo tulivyoamini. Alikula mkononi mwake, akalala miguuni pake.

Sasa, majuma matano yaliyopita Minza alikuwa anakula jikoni, dagaa likamdondoka, akainama kuliokota. Nilisikia ukelele mmoja tu. Nilipofika, paka alikuwa ameuma kiganja cha mtoto na hataki kuachia. Nilimpiga na mwiko mpaka mwiko ukavunjika ndipo akaachia. Nilifanya kama ulivyokuwa ukiwafundisha watu: nikamweka mtoto bombani, nikaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, yeye analia na mimi nalia, halafu nikambeba hadi hospitali. Wakamchoma sindano na kunipa tarehe za kurudi. Nesi akaniuliza paka yuko wapi. Nikasema yupo, ila baba wa mtoto akipata habari hatakuwepo. Akasema, "Msimuue. Mfungieni siku kumi mmwangalie. Akiugua au akifa, mrudi hapa haraka."

Basi nikamwingiza Afande kwenye banda la kuku lililokuwa tupu, kwa msaada wa mama na gunia. Nikaanza kuhesabu siku. Nilidhani taabu yetu ni kichaa cha mbwa tu. Kumbe taabu ilikuwa inakuja kwa mlango mwingine.

Mama alihamishia kigoda chake pale bandani. Asubuhi akimaliza kufagia ua anakwenda kukaa, anampa paka dagaa kwenye upenyo wa mbao, anaongea naye Kisukuma. Kisukuma changu unakijua, ni cha kusalimia na kushukuru, sikufuatilia. Lakini siku ya nne Mama Kabula, jirani yetu anayeuza mchicha, alinishika mkono bombani.

"Mama Minza, mkweo anaongea na nani pale bandani?"

"Na paka."

"Paka anaitwa nani?"

"Afande."

Akatazama kushoto na kulia. "Mbona mimi nimemsikia akimwita Shija? Anamuuliza, Shija umekula? Shija, kule shimoni kulikuwa na baridi?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya ndoo walinyamaza wote. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini nisikie, "Yule bibi anafuga mtu."

Baba, huko kwetu neno hilo lingeweza kuwa la kuchekesha. Huku maana yake ni mchawi, na si la kuchekesha. Mama mkwe ni mjane, ana miaka sabini na kitu, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia tangu akiwa msichana. Huku kuna bibi waliokatwa mapanga kwa macho mekundu tu, bila hata paka. Mabula mwenyewe aliwahi kunisimulia ya bibi mmoja wa kijiji alichozaliwa. Nilibeba ndoo yangu nikarudi nyumbani, na njia nzima sikuona nilipokanyaga.

Nilimwambia mama. Nilitegemea ashtuke. Akaniambia, "Ng'wana wane, mtoto wangu, nimesikia. Walianza kunyamaza nikipita tangu mwezi uliopita." Akaendelea kuchambua mchele.

Nikampigia Mabula, akasema anaomba ruhusa kazini, aje. Kabla hajafika, wao wakafika. Ilikuwa asubuhi, siku ya saba ya paka bandani. Mwenyekiti wa mtaa, wanaume watatu wa sungusungu na fimbo zao, na nyuma yao watu wa kutosha kujaza ua. Mama Kabula alikuwemo, hakunitazama. Mwenyekiti ni mtu mstaarabu, alisalimia vizuri na akakubali kukaa. Lakini mmoja wa wale wa sungusungu hakutaka kukaa.

"Tunataka kumwona huyo paka anayefungiwa kama mahabusu na kuitwa jina la marehemu."

Niliingia ndani, nikaleta kadi ya hospitali ya Minza, nikamwita na mtoto mwenyewe na bandeji yake. Nikasema, "Aliyemfungia ni mimi, si mama. Nimeagizwa na nesi. Kadi hii hapa, someni." Mwenyekiti akasoma, akampa mwingine, kadi ikazunguka. Nikafikiri yameisha.

Yule mtu akasema, "Kadi haisemi kwa nini anamwita Shija."

Ndipo mama akainuka kwenye kigoda. Unamjua, hana sauti kubwa. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nielewe.

"Nimezaa Shija, nimemnyonyesha, nimemzika. Jina lake nilitaje kwa nani? Mabula nikimtajia anatoka nje. Mke wa Mabula hakuishi naye. Ninyi mlikuja matanga siku tatu mkaondoka, na toka hapo hakuna hata mmoja aliyepita mlangoni akasema Shija. Huyo paka alikuwa naye kambini. Katika nyumba hii, anayemjua Shija wa machimboni ni paka tu. Basi naongea naye. Kama mama kumtaja mtoto wake ni uchawi, mama gani wa mtaa huu atapona?"

Mama Kabula, ambaye na yeye alizika mtoto, alivuta kanga akajifunika uso. Wale watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kama watu waliokosea nyumba. Mwenyekiti alibaki mwisho. Akamwambia mama, "Mama, mimi nimekuelewa. Lakini si wote waliokuwa hapa leo wamekuelewa. Huyo paka aondoke. Nakuomba kama mwanao."

Mabula alifika siku iliyofuata, na nondo mkononi. Safari hii mama hakumzuia. Alisema tu, "Acha zitimie siku kumi za mtoto. Kisha tumrudishe alikotoka. Na mimi nataka kupaona."

Tukaenda wote, Mabula, mama, mimi na Minza, basi hadi Geita, kisha bodaboda mbili hadi kambini, Afande ndani ya tenga la kuku akilalamika njia nzima. Pale tulimkuta Hamisi, kijana wa Kigoma aliyekuwa akichimba na Shija. Alipochungulia tengani aliruka nyuma.

"Afande! Huyu shetani bado yupo?" Akacheka, halafu akamwona mama, akainama. "Shikamoo mama. Nisamehe. Huyu paka alitutesa. Shija ndiye aliyemwokota, na ndiye aliyeumwa kuliko wote."

Mama akasema, "Hata Shija alikuwa anamuuma?"

"Kila siku mama! Mikono yake ilikuwa kama ramani. Tukimwambia mtupe, anasema, mwacheni, ana hasira za kwao."

Mama akakaa chini kwenye lundo la mawe. Akakunja mikono ya gauni lake refu, ile mikono mirefu anayovaa hata kwenye jua kali. Baba, toka kiwiko hadi kifundo ilikuwa makovu juu ya makovu, mengine mabichi. Mwaka na nusu paka alikuwa anamuuma na yeye, na alikuwa akificha ili tusimnyang'anye. Akanyoosha mikono ile mbele ya Hamisi akasema, "Kama hivi?"

"Hivyo hivyo, mama."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu msiba. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Hamisi akacheka, na kisha wote wawili wakalia.

Mabula alisimama kando. Ndipo mbele yetu sote akasema lililokuwa likimtoa nje kila jina lile likitajwa. "Mama, mimi ndiye niliyemwambia aache kukaa nyumbani, aje huku. Yeye hakutaka." Mama alimwambia, "Najua. Aliponiaga aliniambia." Basi. Akamshika mkono, Hamisi akatuonyesha duara lilipokuwa, limeshafukiwa na majani yameota. Afande tulimfungulia tenga, akaingia chini ya karasha, mashine ya kusagia mawe, bila kugeuka.

Ningependa kukuambia kwamba yameishia hapo. Kidonda cha Minza kimepona na sindano amemaliza. Mabula siku hizi anakaa na mama wanaongea. Lakini bombani bado wananyamaza. Wiki iliyopita mtoto wa jirani alimwambia Minza kuwa bibi yake ameenda kumficha paka porini, na usiku anamfuata. Maneno ya mtoto yametoka kwa mtu mzima. Na Jumatatu tulikuta mlango wa banda la kuku umeng'olewa na kutupwa barabarani. Mwenyekiti amekuja kuangalia, polisi tumewaarifu, wameandika. Mabula yuko kazini hata leo, nami sipati usingizi.

Ndiyo maana naandika. Mabula na mimi tunakuomba umpokee mama huko kwa miezi michache, mpaka watu watulie au sisi tupate nyumba mtaa mwingine. Alale kwa shangazi, isije ikaonekana vibaya. Hana makuu, anakula chochote, na shamba analipenda. Nilipomwambia alikataa siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, "Baba yako atavumilia mtu asiyejua lugha yake?" Nikasema baba yangu ameongea na ng'ombe miaka thelathini. Akasema, "Wabeja," yaani asante.

Tusalimie shangazi, umsomee sehemu inayomhusu. Msalimie kaka Deo na mkewe aliyejifungua, na mzee wa kigango cha kanisa aliyetuaga kwa sala. Nijibu kwa simu neno moja tu, ndiyo au hapana, nitaelewa.

Na akifika, Baba, usimwonee huruma sana na usimnyamazie. Mpe kiti, mpe kahawa, kisha muulize habari za Shija. Muulize alikuwa mtoto wa namna gani. Atakusimulia mpaka jioni.

Ni mimi binti yako,
Skolastika, Mama Minza