Kichupa Chini ya Kofia

Newala,
14 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Barnaba,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba. Hujambo huko Tabora? Magoti yanasemaje? Na shemeji Yuliana, bado anakuvumilia? Sisi wazima. Maji ni yale yale ya dumu kwa dumu, ila mikorosho mwaka huu imebeba mpaka matawi yanainama. Mimi ngiri yangu wameikata, natembea kama jogoo aliyenyeshewa.

Simu zangu umeacha kupokea tangu usikie mwanao Winfrida alikamatwa. Haya, barua haina kitufe cha kuzimia. Anakuletea kijana wetu Walter mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka uimalize mbele yake. Mimi ni wa darasa la nne, penye makosa pita polepole kama penye matuta.

Ungekuwepo, Barnaba! Ungekuwepo!

Jumanne tarehe tano nilikuwa nimelazwa wodi ya wanaume, dripu mkononi. Mchana wakamleta Joel, kijana wa bodaboda, amegongwa na gari la korosho. Hajitambui, damu imemwishia. Mwanao ndiye aliyekuwa zamu. Akamtoa damu kidogo kwenye kichupa ipelekwe maabara, wajue kundi lake wamwongezee. Kabla hajatoka nayo akaingia askari, afande Optatus, mgeni hapa, buti zinang'aa utadhani anakwenda kuoa.

"Nesi, hiyo damu naichukua. Tunapima kama alikuwa amelewa."

"Karatasi iko wapi, afande?"

"Karatasi ya nini? Mimi ndiye polisi."

"Hilo naliona. Naulizia karatasi. Mgonjwa hajitambui, hawezi kukubali wala kukataa. Lete barua ya mkuu wako, daktari aisome, damu ya kesi itatolewa kwa utaratibu wake. Hii ni ya kumtibu."

Nikaona nisaidie. Nikamwambia, "Afande, kama unatafuta ulevi njoo utoe yangu, humu mna uraka wa msimu mzima!" Wodi ikaangua kicheko. Afande hakucheka. Akaenda kusimama mlangoni, akasema kichupa hakitoki, akageuka kupiga simu aletewe gari.

Hapo ndipo Winfrida alipokuja kitandani kwangu kama anayetengeneza dripu. Nikasikia kitu cha uvuguvugu kiganjani, chini ya shuka. Kichupa! Nikakipandisha taratibu mpaka chini ya kofia yangu, nikaegemea mto kama padri aliyemaliza ibada.

Afande akarudi. "Kichupa?" Winfrida akaendelea kutengeneza dripu. "Nani amekufundisha kumbishia askari?"

Sikia sasa jibu la mwanao. Alisema, "Baba yangu. Alikuwa sajini Masasi. Alikataa mtu kushonwa bila karatasi ya polisi, hata kaka yake wa tumbo moja aliyemwendea na jeraha la panga kichwani. Kaka mwenyewe huyu hapa, kovu analo mpaka leo."

Barnaba, moyo ulinishuka mpaka kwenye ngiri! Maana afande akanisogelea. "Ebu vua kofia, mzee, tulione hilo kovu."

Kovu lenyewe limelala na kichupa! Nikamkazia macho. "Kijana, umeingia humu tangu saa ngapi? Umeniamkia?"

Akababaika kweli, kumbe kwao wamemlea. Mkono kifuani, "Shikamoo, babu. Samahani."

"Marahaba. Sasa nishikie dripu, nakwenda chooni. Kovu utaliona nikirudi."

Akaishika! Askari wa serikali alinisindikiza mpaka nje ya mlango, akanikabidhi chuma cha dripu kwa mikono miwili. Choo kiko kushoto. Mimi nikapinda kulia, maabara, mshono unanivuta. Fundi wa maabara alipoona natoa damu kichwani alitaka kunilaza chini.

Joel akaongezewa chupa mbili. Leo anakula ugali na kuulizia pikipiki yake.

Ila Winfrida walimchukua. Alikaa kwenye benchi la kituo hadi jioni, mganga mkuu alipokwenda kumtoa. Karatasi ya kuomba damu haikuletwa hata siku moja, lakini ya kumshtaki imefika upesi: eti amemzuia askari kufanya kazi. Ijumaa tarehe 22 anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na kazi yake iko hapo mezani. Mimi nitakwenda, nitavua kofia na kusema yote. Ila unanijua, mimi nikisema mvua inanyesha watu wanatoka nje kuhakikisha.

Mtoto hali, Barnaba. Anatazama simu. Nikimuuliza anasubiri nani, anasema hakuna.

Nasikia unasema amekuaibisha mbele ya polisi wenzako. Mwaka 1984 ulinipanga foleni kaunta, damu inachuruzika shingoni, ukaandika ile karatasi ya PF3 polepole kwa herufi za kupendeza. Ukaniuliza jina. Ukaniuliza na jina la baba. Baba yangu, Barnaba! Miaka arobaini nimekuwa nikikutukana kwa hilo. Jumanne ile, niliposikia mwanao analisema kwa majivuno, nimeacha.

Shemeji yako Ethel anakusalimu, na mwanangu Isabela, na mjukuu Glory aliyeota meno mawili na anauma kila mtu. Watu wa Lulindi wanauliza lini utakuja kusali nao. Mungu akutunzie magoti hayo, uyapige walau mara moja kwa ajili ya binti yako.

Sasa chukua kalamu, Walter anasubiri. Sajini mstaafu akiandika kwamba askari anayetaka kitu hospitali huja na karatasi, kamati itamsikiliza kuliko babu wa ngiri. Andika kwa ule mwandiko wako wa taratibu. Anzia pale pale ulipoanzia na mimi: jina lake, halafu jina la baba yake.

Ni mimi nikupendaye hata ukizima simu,
kaka yako,
Edmund.