Reli Yako na Wivu Wangu

Mwanangu Zuwena,

Kila asubuhi unaniamkia kwenye simu, naitikia marahaba, unaniuliza magoti yangu, nakuuliza umekula nini, kisha mtandao unakatika. Haya ninayoyaandika leo nimejaribu kuyasema kwenye simu mara tatu, na mara zote tatu nikajikuta nazungumzia halwa. Ndiyo nikashika kalamu. Na nimeiacha barua wazi, aisome anayetaka, kwa sababu sidhani kuwa ni mimi peke yangu, katika sisi tuliokimbia Unguja tukaja Ibra, kwenye nchi hii ya Kiarabu ya babu zetu, mwenye donda hili.

Nchi uliko sitaitaja. Uliniomba hivyo, na kazi yenyewe haijatangazwa. Yatosha kusema kwamba haina bahari, imepigana vita miaka mingi, na wewe ni mmoja wa wahandisi wanaoipangia reli.

Nakuonea wivu. Nimeliweka neno hili mwanzoni ili usihangaike kulitafuta.

Unazikumbuka safari zetu za Sur? Baba yako, Mungu amrehemu, akiendesha, wewe nyuma umejibana katikati ya viti viwili, na mimi nikikusomesha ardhi kama wengine wanavyowasomesha watoto wao juzuu.

"Hapa pamepita maji."

"Umejuaje, mama, na pamekauka?"

"Tazama mawe yalivyolala. Yote yameelekeza vichwa upande mmoja."

"Mwalimu, mwache mtoto ale sambusa yake," baba yako akasema.

Siku moja tulisimama Al Mintirib, penye mwanzo wa mchanga. Ulichora kwa kidole njia ya kufika upande wa pili, ukafuta, ukachora nyingine, na sisi gari tumeshaliwasha tunakungoja. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyokuonyesha.

Usilolijua ni kwamba kabla sijawa mwalimu niliomba kazi ya ramani. Nilikuwa na cheti changu cha jiografia, na ofisi moja ilikuwa ikitafuta watu wa kuchora njia za barabara mpya. Bwana aliyenipokea alikuwa mpole. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake, akaniambia, "Dada yangu, kazi hii ni ya kulala mahema. Nenda skuli, wasichana wanakuhitaji." Nikaenda. Miaka ishirini na saba nilichora mabara yote ya dunia kwa chaki, na kila adhuhuri mwanafunzi wa zamu akayafuta.

Sasa wewe unalala mahema. Unanitumia picha, kofia ngumu juu ya mtandio, nyuma yako vijiti vyekundu vya wategua mabomu. Nazikuza kwa vidole viwili. Mama mwingine angeanza kwa kumshukuru Mungu. Mimi huanza kwa kuuma mdomo, kisha ndipo nashukuru.

Nije kwenye siku ile ya Idi. Ulitandaza ramani yako juu ya zulia, watu wakaizunguka na sahani zao mikononi. Shangazi yako Rayya akauliza, "Sasa reli hiyo inakwenda wapi, na nchi haina bandari?" Ukamweleza vizuri sana. Nchi isiyo na bahari lazima ichague mlango wa jirani. Jirani wa mashariki bandari yake iko karibu, lakini reli yake ni nyembamba, haichukui mizigo mikubwa. Wa kusini reli yake ni pana, lakini bandari ni mbali. Ukimchagua mmoja, mizigo yako yote inakuwa mikononi mwake, na wa pili ananuna.

"Kama kuchagua mume," Rayya akasema.

"Ndiyo hivyo, shangazi, ila mume unaweza kumwacha."

"Nani kakudanganya?"

Watu wakacheka, na mimi nikataka kuwamo. Nikaanza kusimulia gari la moshi la Bububu, alilolipanda bibi yangu akiwa msichana. Hata sijafika mbali ukasema, "Mama, ile ilikuwa maili saba tu! Hii ni nchi nzima." Watu wakacheka tena.

Hukukusudia ubaya, najua. Lakini nilivaa miwani, nikainamia ramani ili nipate pa kuweka uso. Ilikuwa na mistari miwili. Mwekundu ulizunguka miji, ukawa mrefu. Wa buluu ulikata moja kwa moja, na pale ulipokata mliandika: eneo wazi, halina wakaazi. Pembeni palikuwa na picha ya pahala hapo iliyopigwa kutoka angani.

Niliona miti. Ilikuwa imesimama kwa safu, na miti ya porini haijipangi safu. Niliona kuta za nyumba, vijisanduku vya rangi ya udongo vilivyovuliwa mapaa. Niliona njia nyembamba zikitoka pande zote na kukutana pahala pamoja, na huko bara njia hazikutani hivyo pasipo kisima. Zuwena, ule ni mji. Ni mji uliokimbiwa, na mstari wako wa buluu unapita katikati yake.

Ukainua kichwa. "Mama, vipi, umeona kitu?"

"Nimeona macho yangu yamechoka," nikasema.

Siku mbili baadaye ukasafiri. Sasa ni wiki ya tatu, na juzi umeniambia kwa furaha kwamba mstari wa buluu ndio utakaopelekwa serikalini mwisho wa mwezi huu.

Siwezi kujitetea kwamba sikujua maana ya nilichokiona. Nilipofika Ibra mara ya kwanza, hata Kiarabu cha hapa kilikuwa kinanipiga chenga. Mzee aliyekuwa akigawa maji ya falaj, mfereji unaomwagilia mashamba ya mji, aliniona nimesimama ukingoni, akauliza mimi ni binti wa nani. Nikamtajia jina la babu yangu, aliyehamia Unguja kabla baba yangu hajazaliwa. Mzee hakufikiri hata kidogo. "Athar yenu ipo," akasema. "Jumanne, baada ya adhuhuri."

Athar ni zamu ya maji, kama nusu saa. Miaka yote ile hakuna mtu wa kwetu aliyeigusa, na hakuna aliyeifuta. Walikuwa wakimwagilia mitende ya msikiti kwa zamu ile, na jina limebaki la babu. Nililia mbele ya mwanamume nisiyemjua. Wakati ule sikuwa na kitu duniani chenye jina letu isipokuwa nusu saa ile ya Jumanne. Wangetuandika kwamba hatupo, wangekuwa hawakusema uongo, maana kweli hatukuwapo. Na mimi leo nisingekuwa na pa kukaa.

Basi kwa nini nilinyamaza? Kwanza nilijiambia ni kwa sababu ulinifanya nichekwe mbele za watu. Kisha nikajiambia ni ule wivu wa kazi, wa mwalimu wa chaki mbele ya binti mwenye kofia ngumu. Yote mawili ni kweli, lakini yasingenifunga mdomo wiki tatu. Kuna la tatu, na hili ndilo linalonitia haya.

Nawaonea wivu watu wa mji ule. Wako, kama wakimbizi wote ulionisimulia, kwenye makambi ng'ambo ya mpaka, wanapanga foleni ya unga, na mimi niliyekaa kwenye baridi ya mashine nawaonea wivu. Vita vyao siku moja vitakwisha, na kuna mtu leo, tena mwanangu wa kumzaa, anayewachorea njia ya kurudi kwao. Sisi hakuna aliyetuchorea. Nilipokwenda Unguja baada ya miaka mingi nilibisha hodi nyumbani kwetu, na waliomo wakanipokea vizuri, wakanipa chai. Niliketi ukumbini kwetu, pembeni ya dirisha alilokuwa akikaa mama, nikanywa chai ya watu, nikashukuru, nikaondoka.

Kwa hiyo nilipouona ule mji wenye miti ya safu, kitu ndani yangu kilisema: na wao wasirudi. Reli ipite juu ya kuta zao, tuwe sawa.

Nililisema hilo moyoni siku ya Idi, nimetoka kusali. Mama yako huyu aliyekufundisha Fatiha.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza ndani ya gari. Usiutoe mstari wa buluu mkononi mwako kabla hujafika kambini. Usipeleke fomu za kujaza. Ichukue ile picha ya kutoka angani, ichapishe kubwa kama kanga, itandaze chini, uwaite wanawake wazee. Watakuwekea kidole kila mmoja kwenye nyumba yake. Watagombana ua wa fulani uliishia wapi na mti wa fulani ni upi. Usiwanyamazishe, na uandike kila neno, kwa sababu hati zao zimeungua na ugomvi huo ndio uliobaki. Wenzako watakwambia kupinda reli ni kazi kubwa, tarehe imefika, serikali inangoja. Waambie mlikosea kusoma picha. Kama watauliza nani ameona kosa, waambie ni mama yako, mwalimu wa jiografia, aliyeliona siku ya Idi akalificha. Usinifiche mimi.

Kisha labda utakuwa umenikasirikia, na usinipigie siku moja mbili. Nitangoja.

Reli ikipinda, na wale watu wakirudi, bado nitawaonea wivu. Umri wangu huu sitarajii kubadilika, na sikuahidi hivyo. Siku treni ya kwanza itakaposhusha watu pale, nipigie uniambie wamefika salama, nami nitasema alhamdulillahi na nitakuwa nimekusudia. Lakini picha ya nyuso zao usinitumie siku hiyo. Nitumie kesho yake.

Mungu akulinde kila unapokanyaga. Hapa ndipo nilipoishia kusema, na sina tena nililokuficha.

Mimi mama yako,
Ibra